Spider-Man: Miaka arobaini ya kutafuta pa kunasia uzi

MWANDISHI Stan Lee na mchoraji Steve Ditko walipomtoa Spider-Man kwa mara ya kwanza, katika toleo la 15 la jarida la vibonzo la Amazing Fantasy mwaka 1962, walimnyima mambo mengi ambayo mashujaa waliomtangulia walikuwa nayo. Superman huruka kwa nguvu zake mwenyewe. Batman ana mali, gari na jumba. Kijana Peter Parker, yatima aliyelelewa na ami yake jijini New York, hana ila uwezo wa kukwea kuta, alioupata kwa kuumwa na buibui, pamoja na vifaa viwili vidogo alivyojiundia mwenyewe. Vifaa hivyo huvivaa kwenye vifundo vya mikono na kuvitumia kurusha uzi wa utando.

Uzi huo una masharti yake. Hutokana na kemikali ambayo yaweza kumwishia akiwa hewani. Isitoshe, hauna faida pasipo na kitu cha kuunasa, kama vile ukuta, mlingoti au ukingo wa paa. Mwaka 1973, toleo la 121 la jarida la The Amazing Spider-Man lilionyesha mpenzi wake, Gwen Stacy, akisukumwa na adui Green Goblin kutoka juu ya daraja. Uzi ulimdaka kabla hajafika majini, lakini kule kusimamishwa kwa ghafla kukamvunja shingo. Wasomaji wa vibonzo wakajua tangu siku hiyo kwamba kasi, uzito na mahali uzi unaposhika si pambo la hadithi.

Ndiyo maana historia ya michezo ya video iliyotokana na mhusika huyu, ambayo sasa imepita miaka 40, inaweza kufuatwa kwa swali moja la kiufundi: uzi unanasa wapi? Swali hilo lina mwenzake wa kibiashara, ambaye ni mkorofi zaidi: uzi ni wa nani?

Baiti 128

Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 1982 na Parker Brothers, kampuni iliyofahamika zaidi kwa mchezo wa mezani wa Monopoly. Ulitengenezewa mtambo wa Atari 2600, na ndio uliokuwa mchezo wa kwanza wa video kumtumia mhusika wa Marvel. Aliyeubuni na kuuandikia programu ni Laura Nikolich, mmoja wa wanawake wachache waliokuwa katika fani hiyo wakati huo.

Atari 2600 ilikuwa na kumbukumbu ya baiti 128 pekee, nafasi isiyotosha kuhifadhi herufi za sentensi moja ndefu ya gazeti. Katika ufinyu huo Nikolich aliweka jengo refu, wahalifu madirishani, mabomu ya kuteguliwa na Green Goblin akilinda bomu kubwa kileleni. Spider-Man alipanda kwa kurusha uzi juu au upande. Uzi ulipogusa jengo, alijivuta. Ulipokosa jengo, alianguka, na mchezaji alikuwa na nukta chache za kurusha mwingine kabla hajafika chini. Kiasi cha utando kilipungua kila alipoutumia.

Picha zilikuwa duni hata kwa vipimo vya mwaka huo. Hata hivyo, mambo mawili yaliyomtofautisha Spider-Man na mashujaa wengine, yaani uzi unaohitaji pa kushika na utando unaoweza kuisha, yalikuwemo tangu siku ya kwanza. Waliofuata walihitaji zaidi ya miaka 20, na mitambo yenye nguvu maelfu ya mara, kuyarejesha pamoja ipasavyo.

Mwaka 1984 Scott Adams, mwasisi wa kampuni ya Adventure International, alimwingiza Spider-Man katika mfululizo ulioitwa Questprobe. Huo ulikuwa mchezo wa maandishi: mchezaji alisoma maelezo na kuandika amri kwa kibodi, na michoro ilikuwa ya kusindikiza tu. Mfululizo ulipangwa uwe na sehemu 12. Zilitoka tatu, kampuni ikafilisika mwaka 1985.

Kamera ya Peter Parker

Michezo mingi ya miaka ya tisini haimhitaji mwandishi kukaa nayo muda mrefu. Ilikuwa ile ya kutembea kutoka kushoto kwenda kulia huku shujaa akipiga ngumi kila anayekutana naye, na mara nyingi ungeweza kumbadilisha Spider-Man ukaweka mwanamieleka yeyote pasiwe na tofauti kubwa. Ndivyo ilivyokuwa Maximum Carnage ya mwaka 1994, iliyouzwa katika kaseti nyekundu na kutegemea hadithi iliyotoka katika vibonzo mwaka mmoja kabla. Mashine ya Sega ya mwaka 1991, ya kutumbukiza sarafu katika kumbi za michezo, iliruhusu watu wanne kucheza pamoja, na Spider-Man alikuwa mmoja tu wa mashujaa wanne.

Mmoja ulikuwa tofauti. The Amazing Spider-Man vs. The Kingpin, uliotolewa mwaka 1991 kwa mtambo wa Sega wa wakati huo, ulianza na bwana mkubwa wa wahalifu, Kingpin, akimsingizia Spider-Man kwenye televisheni kwamba ametega bomu jijini. Shujaa alikuwa na saa 24 kukusanya funguo za kulitegua. Utando ulipungua kwa matumizi, na kuupata mwingine kulitaka fedha. Fedha zilipatikana kwa njia ile ile anayoitumia Peter Parker katika vibonzo: kupiga picha na kuliuzia gazeti la Daily Bugle. Basi mchezaji aliyezungukwa na maadui alilazimika kusimama kidogo, kutoa kamera na kumpiga picha mhalifu kabla ya kumpiga ngumi.

Waliotengeneza mchezo huo walielewa kwamba Peter Parker ni kibarua. Analipwa kwa picha, tena kidogo, na mhariri anayemdharau. Ukimwondolea shida ya kodi ya nyumba umemwondolea nusu ya utu wake, na michezo mingi iliyofuata ilifanya hivyo bila kujua.

Wakati huo huo kampuni yenyewe ilikuwa taabani. Desemba 1996 Marvel iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Ili kujinusuru iliuza haki za baadhi ya wahusika wake kwa kampuni za filamu, na mwaka 1999 haki za filamu za Spider-Man zikaangukia Sony Pictures. Haki za michezo ya video zilikuwa kitu kingine, na zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Activision. Wengi huzichanganya haki hizo mbili hadi leo.

Ukungu juu ya New York

Activision ilimpa kazi mtengenezaji wa michezo Neversoft, aliyekuwa ametoka kupata sifa kwa mchezo wa ubao wa magurudumu wa Tony Hawk. Programu ya msingi ya mchezo huo ndiyo iliyotumiwa kujengea Spider-Man ya mwaka 2000 kwenye mtambo wa PlayStation. Kwa mara ya kwanza shujaa huyu alionekana katika jiji lenye kina, urefu na upana, na Stan Lee mwenyewe alitoa sauti ya msimulizi.

PlayStation haikuwa na uwezo wa kuchora barabara za New York pamoja na watu na magari yake. Watengenezaji walilifanya tatizo hilo kuwa sehemu ya hadithi: maadui walikuwa wamemwaga gesi ya sumu iliyofunika jiji chini kabisa, hivyo Spider-Man hakuthubutu kushuka kutoka mapaani. Wachezaji wakaona ukungu wa kutisha pale ambapo mtambo ulikuwa hauna cha kuonyesha. Ni mojawapo ya hila nzuri kuwahi kutumika katika fani hii.

Uzi, hata hivyo, ulipanda juu ukaishia hewani. Shujaa aliweza kuning'inia kutoka mahali pasipokuwa na kitu, kana kwamba mbingu ina dari.

Mchezo uliofuata, Spider-Man 2: Enter Electro, uliotengenezwa na kampuni ya Vicarious Visions, ulikuwa tayari kuuzwa magaidi waliposhambulia New York, Septemba 11, 2001. Pambano lake la mwisho lilifanyika juu ya majengo pacha ya World Trade Center. Uuzaji ulisimamishwa, majengo yakabadilishwa pamoja na baadhi ya maneno, na mchezo ukatoka Oktoba mwaka huo. Watengenezaji wa filamu nao waliondoa tangazo lililoonyesha helikopta ikinaswa katika utando kati ya majengo hayo mawili. Shujaa aliyekuwa na anwani halisi, katika jiji halisi, asingeweza kuepuka yaliyolipata.

Bembea

Filamu ya Sam Raimi ya mwaka 2002 iliambatana na mchezo wa kampuni ya Treyarch ambao, kwa upande wa uzi, haukubadilisha mengi. Mmoja wa waliofanya kazi humo, Jamie Fristrom, hakuridhika. Alijaribu mfumo ambamo uzi ulipaswa kushika ukuta halisi, na mwili wa Spider-Man ubembee kwa kanuni zile zile zinazomwongoza mtoto kwenye bembea: ukishuka unaongeza kasi, ukipanda unaipoteza, na ukiachia kamba wakati unaofaa unatupwa mbele.

Ugumu wake ni kwamba mchezaji hana nafasi ya kuchagua tofali la kushika anapokwenda kasi. Programu humchagulia. Kila anapobonyeza kitufe, hupima kuta na pembe zilizo karibu, huangalia anakoelekea, kisha hunasa uzi pale panapofaa zaidi. Ikichagua vibaya, mtu hugongeshwa ukutani. Ikisaidia kupita kiasi, hubaki hana la kufanya ila kutazama.

Spider-Man 2 ya mwaka 2004 ndiyo iliyotoka na mfumo huo, na kisiwa chote cha Manhattan kiliachwa wazi. Palipokuwa na majengo marefu Spider-Man alikwenda kama mshale. Palipokuwa na nyumba fupi aliburura miguu. Juu ya maji matupu, uzi haukuwa na pa kunasa. Ramani ya jiji ikawa na maana mikononi: mchezaji alijifunza kwamba mtaa mmoja ni mzuri kwa kubembea na mwingine ni wa kukimbia tu.

Mengine katika mchezo huo hayakuwa ya kusifiwa sana. Kazi za kuokoa watu zilijirudia mno, na watoto wa jiji hilo walipoteza vibofu vyao vya hewa kwa uzembe usioelezeka. Lakini kulikuwa na kazi moja ya Peter Parker kupeleka piza kwa wateja kabla hazijaharibika, huku ukipigwa muziki wa Kiitaliano wa kuchekesha, na hiyo ilimrejesha kibarua yule wa mwaka 1991. Wapo waliomaliza hadithi wakaendelea kuwasha mtambo kwa wiki kadhaa, si kwa kupigana na yeyote, bali kwa kubembea tu.

Mwaka uliofuata ulitoka Ultimate Spider-Man, uliochorwa kama kurasa za vibonzo na kuandikwa na Brian Michael Bendis, mwandishi wa jarida lenye jina hilo. Baada ya hapo mambo yalianza kuzorota. Spider-Man 3 ya mwaka 2007 ililazimika kutoka sambamba na filamu, na haraka hiyo ilionekana. Tarehe ya filamu haisogezwi kwa sababu mtengenezaji wa mchezo hajamaliza, na sharti hilo limeua michezo mingi kuliko uhaba wa vipaji.

Kazi ilihamia kwa Beenox wa Quebec, Kanada. Shattered Dimensions ya mwaka 2010 ilipata sifa kwa kuwaweka pamoja Spider-Man wanne wa nyakati na dunia mbalimbali, ila ilifunga jiji na kumpitisha mchezaji katika njia zilizopangwa. Mwaka 2012 jiji lilifunguliwa tena katika The Amazing Spider-Man, na uzi ukarudi kuning'inia hewani. Kosa lililokwisha kusahihishwa mwaka 2004 lilirudiwa katika mitambo bora zaidi. Mchezo wa mwaka 2014 ulilisahihisha upya, mkono wa kulia ukihitaji jengo la kulia na wa kushoto jengo la kushoto, lakini mambo mengine yote yalikuwa yamechakaa.

Marvel yabadili mkono

Disney ilikuwa imeinunua Marvel mwaka 2009 kwa takriban dola bilioni nne. Mwaka 2014 Jay Ong aliingia kuongoza michezo ya Marvel, na uhusiano na Activision ukafikishwa mwisho. Wazo la kushirikiana lilipelekwa kwa Microsoft, ambayo ilipendelea kujenga majina yake yenyewe. Kisha likapelekwa kwa Sony Interactive Entertainment, wenye PlayStation, ambao walilipokea. Walioteuliwa ni Insomniac Games ya California, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1994 na Ted Price, na iliyokuwa ikifanya kazi na Sony kwa miaka mingi.

Insomniac hawakufungwa na filamu yoyote. Wakamchukua Peter Parker wa miaka 23, aliyevaa vazi la Spider-Man kwa miaka minane, mwenye madeni ya kodi na kazi katika maabara ya Dkt Otto Octavius, msomi anayempenda kama baba. Marvel's Spider-Man ilitoka Septemba 7, 2018, na nakala milioni 3.3 zikauzwa katika siku tatu za kwanza. Uzi ulinasa majengo, na katika bustani ya Central Park ulinasa miti. Mapema kidogo baadhi ya mashabiki walikuwa wamezua mabishano mtandaoni wakidai vidimbwi vya maji vilivyoonekana katika picha za majaribio vimepunguzwa, ugomvi ambao leo hukumbukwa kwa kicheko.

Uzito wa mchezo huo uko katika mwisho wake. Octavius, aliyemgeuka, amesambaza ugonjwa jijini, na May, mjane wa ami aliyemlea Peter, ni mmoja wa wanaokata roho. Dawa iliyopo ni kidogo: ikitumiwa kumponya May, hakitabaki kiasi cha kutengenezea nyingine kwa ajili ya maelfu ya wagonjwa. Mchezaji hapewi kitufe cha kuchagua. Peter anamwacha May afe. Ni kifo cha Gwen Stacy kilichogeuzwa: mwaka 1973 alijaribu kuokoa akaua, na hapa anaweza kuokoa ila hana haki ya kufanya hivyo.

Stan Lee anaonekana kwa muda mfupi kama mpishi wa mkahawa. Ditko alikuwa amefariki mwezi Juni mwaka huo, na Lee alifariki Novemba 12, wiki chache baada ya mchezo kutoka.

Mwaka 2019 Sony iliinunua Insomniac kwa dola milioni 229. Novemba 2020 ukafuata mchezo wa Miles Morales, kijana mwenye baba Mmarekani mweusi na mama wa asili ya Puerto Rico, aliyebuniwa mwaka 2011 na Bendis pamoja na mchoraji Sara Pichelli. Makao yake ni Harlem, na mtaa huo ulichorwa kwa makini kuliko mtaa wowote katika mchezo uliotangulia: maduka, muziki, jirani kiziwi anayezungumza kwa ishara. Ni mfupi kuliko ule wa 2018, na wapo wanaouona kuwa bora kwa sababu hiyo. Marvel's Spider-Man 2 ilitoka Oktoba 20, 2023 ikiwa na mashujaa wote wawili, mitaa ya Brooklyn na Queens upande wa pili wa mto, na mbawa za utando za kuvukia maji. Pale ambapo uzi wa mwaka 2004 ulikosa pa kunasa, shujaa sasa alipaa. Nakala milioni 2.5 ziliuzwa katika saa 24 za kwanza.

Umilikaji huo mpya ulikuwa na gharama zake. Michezo hii ilitoka kwa PlayStation pekee. Matoleo ya kompyuta yalianza kufika mwaka 2022, na Spider-Man 2 ikafika kwenye kompyuta Januari 2025. Hata katika mchezo wa Avengers wa kampuni ya Crystal Dynamics, Spider-Man alipoongezwa mwaka 2021, wenye mitambo ya Xbox na kompyuta hawakumpata. Desemba 2023 wezi wa mtandaoni waliiba na kuanika nyaraka za Insomniac, zikiwemo taarifa za siri za wafanyakazi. Kwa mujibu wa nyaraka hizo, bajeti ya Spider-Man 2 ilikaribia dola milioni 300.

Michezo ya enzi ya Activision, kwa upande wake, iliondolewa katika maduka ya mtandaoni baada ya leseni kumalizika. Anayetaka kuonja bembea ya mwaka 2004 hana budi kutafuta diski kuukuu na mtambo wa zama hizo, PlayStation 2, GameCube au Xbox ya kwanza. Diski ya kompyuta yenye jina hilo hilo haimsaidii. Huo ulikuwa mchezo mwingine kabisa, uliotengenezwa na kampuni ya The Fizz Factor kwa ajili ya wachezaji wadogo, na ndani yake uzi ulinasa tu pale palipowekwa alama.